Jicho la Kuazima

Jicho ni mlango wa maarifa, lakini ni mlango mwembamba. Kitu kilicho kidogo kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita hakipiti hapo. Yai la mnyoo wa safura lina urefu wa milimita 0.06 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana usiofika milimita 0.01, na kimelea cha malaria hukaa ndani ya chembe hiyo kama mpangaji mkorofi, akila nguzo za nyumba iliyomhifadhi. Simba akija kijijini watu hupiga mayowe, wakatoka na mikuki. Maadui hawa wadogo huingia bila ya mbwa kubweka, wakafanya makao mwilini, na mwenye mwili asijue ila homa na uchovu tu. Ndiyo sababu, msomaji wangu, nataka tuzungumze juu ya hadubini, na zaidi juu ya jambo ambalo hadubini peke yake haiwezi kulitimiza.

Chombo hiki si kigeni duniani. Katika karne ya 17 aliishi katika mji wa Delft, Uholanzi, mwuza nguo jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Alisugua vipande vya kioo mpaka vikawa lenzi, na mwaka 1676 aliwaandikia wataalamu wa London habari za viumbe wadogo aliowaona ndani ya maji. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, alipokuwa Algeria, aliona kimelea cha malaria katika damu ya askari mgonjwa. Mwaka 1882 Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amekigundua kijidudu cha kifua kikuu. Tangu siku hizo tabibu aliweza kumwona adui kabla ya kumtupia mshale.

Lakini kuweza ni kitu kimoja, na kutenda ni kingine. Miaka zaidi ya 140 imepita, na hata leo wako wagonjwa wanaotibiwa kwa kubahatisha. Ni mwaka 2010 tu Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria, mtoto kwa mkubwa, apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kabla ya hapo, mahali pengi, homa ya mtoto iliitwa malaria bila ya kuulizwa jina lake. Siku hizi viko vipimo vya haraka vya malaria, navyo ni msaada mkubwa. Walakini kipimo cha namna hiyo hujibu swali moja tu. Ukikiuliza malaria, hakitakwambia habari za minyoo.

Kwa nini basi tunabahatisha, hali kioo kimekwisha kupatikana? Pengine utanijibu kwamba hadubini ni ghali na sisi ni maskini. Jibu lako lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili niliifahamu nyumbani kwetu, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la tano. Mtoto aliyezoea kukimbia akaanza kutembea kama ajuza. Akipanda kilima cha kutoka kisimani hupumzika mara tatu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na kwa siri alikuwa akibandua udongo wa ukutani na kuula. Darasani alisinzia, na mwalimu wake akamwita mvivu. Mama alimpeleka zahanati mara tatu, na mara tatu walirudi na dawa za malaria. Hadubini ilikuwapo pale zahanati. Mama aliiona kwa macho yake juu ya meza, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua. Mtu wa maabara alikuwa amehamishwa, na wa kushika nafasi yake alikuwa bado hajaletwa. Miezi ilipita hivyo. Niliporudi likizo Mama aliniambia, "Chombo wanacho, mwanangu, mwenye kukitazamia ndiye hayupo."

Tulimchukua mtoto mpaka hospitali kubwa, safari ya matatu mbili na usiku mmoja kwa jamaa. Huko binti mmoja wa maabara alipaka choo chake juu ya kioo, akainama juu ya hadubini kwa dakika chache, akainuka na jibu: mayai ya safura, na damu iliyopungua mno. Mnyoo wa safura huingia kwa ngozi ya miguu isiyo na viatu, husafiri mpaka matumboni, akajishikiza huko na kunyonya damu. Tiba ilikuwa vidonge vya minyoo na vya madini ya chuma, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli yetu. Baada ya miezi miwili mtoto alikuwa akikimbia tena. Lakini alikuwa amekwisha kupoteza masomo mengi, na mwaka uliofuata alirudia darasa, wenzake wakamtangulia. Tangu nilipokuwa mwalimu, nikimwona mtoto anasinzia darasani, neno uvivu ndilo la mwisho kunijia.

Tazama basi, msomaji, jinsi mambo yalivyo. Kioo kilikuwapo, dawa ilikuwapo, na ugonjwa ulikuwapo. Kilichokosekana ni jicho lililofundishwa. Kwa hiyo umaskini wetu ni wa namna mbili: umaskini wa chombo na umaskini wa jicho. Wa kwanza huondolewa kwa fedha. Wa pili huondolewa kwa miaka, kwa sababu mtaalamu hatengenezwi kwa siku moja, na akiisha kutengenezwa hukaa mjini. Swali la zama zetu ni hili: ikiwa mtaalamu hawezi kufika kila kijiji, je, macho yake yaweza kufika?

Wengine walianza na umaskini wa chombo. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza habari za hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope. Hukunjwa kama watoto wakunjavyo ndege ya karatasi, nayo ina lenzi ndogo kama punje ya mchanga, na vipande vyake vyote gharama yake haikufika dola moja. Ni chombo cha kupendeza sana kwa mwanafunzi. Wengine walitazama simu ya mkononi, wakafikiri: simu ina kamera, ina taa, ina kumbukumbu, na imekwisha kuingia katika nyumba nyingi za mashambani kabla ya umeme wenyewe. Yakosa lenzi tu.

Jaribio moja la namna hiyo lilifanyika karibu nasi, katika kisiwa cha Pemba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013. Watafiti walichukua kigololi cha kioo chenye bei ya dola 8 hivi, wakakibandika juu ya kamera ya simu kwa utepe wenye gundi pande mbili, wakatazama vioo vya choo vya watoto wa shule. Kisha walilinganisha na hadubini ya kawaida. Katika kila vioo 100 ambavyo hadubini ilionyesha mayai ya chango, simu iliyaona katika 81. Hiyo ni kazi nzuri kwa kigololi. Lakini katika kila vioo 100 vyenye mayai ya safura, simu iliyaona katika 14 tu. Yai la safura lina ganda jembamba linalopenya mwanga, nalo halijitokezi kwa mwenye kutazama upesi.

Fikiri maana ya hesabu hiyo. Kama mdogo wangu angepimwa kwa kigololi kile, yaelekea angeambiwa kwamba hana kitu, na jibu la uongo lililovaa nguo za sayansi ni baya kuliko kukosa jibu, kwa kuwa asiye na jibu huendelea kutafuta. Nawasifu watafiti wale kwa sababu hawakuficha aibu ya chombo chao. Waliitangaza pamoja na sifa yake. Urahisi wa bei ni jambo jema, lakini bei si kipimo cha ukweli. Chombo cha kupimia ugonjwa kina wajibu mmoja mbele ya nyingine zote, nao ni kusema kweli.

Sasa nitakupeleka mbali kidogo, Kamerun, uone jinsi kusema kweli kunavyoweza kuokoa roho. Katika misitu ya nchi ile uko ugonjwa wa usubi, upofusho watu wa kando ya mito, na dawa yake ni ivermectin. Uko pia mnyoo mwingine aitwaye Loa loa, ambaye huonekana mara nyingine akipita juu ya jicho la mtu. Mtu akiwa na watoto wengi mno wa mnyoo huyu katika damu, kisha akanywa ivermectin, wale hufa kwa pamoja, na ubongo wa mgonjwa huweza kudhurika hata akafa. Katika wilaya ya Okola watu walikufa kwa njia hiyo, na mwaka 1999 ugawaji wa dawa ukasimamishwa. Hebu ona msiba wa watu wale: wakinywa dawa waweza kufa, wasipokunywa waweza kupofuka.

Mwaka 2015 walirudi watafiti na chombo kilichoundwa katika maabara ya Daniel Fletcher, Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni kisanduku kidogo chenye simu juu yake. Mtu huchomwa kidole, tone la damu huingizwa katika kijibomba chembamba, na simu huipiga damu ile picha za sinema. Haitafuti sura ya mnyoo. Hutafuta mwendo wake, kwa sababu watoto wa mnyoo wakijinyonganyonga huzisukuma chembe za damu huku na huku, na simu huhesabu misukosuko hiyo. Kwa dakika chache jibu hupatikana, pale pale chini ya mti. Katika Okola walipimwa watu 16,259. Waliokutwa na hatari walikuwa 340, nao hawakupewa dawa. Waliotibiwa ni 15,522, na hapana hata mmoja aliyepatwa na dhara kubwa. Hapo jicho la mtaalamu lilitiwa ndani ya simu, likaenda msituni bila ya mtaalamu mwenyewe.

Iko njia ya pili, nayo imejaribiwa hapa hapa Kenya, katika Kaunti ya Kwale. Huko haikuwa jicho kutiwa katika chombo tu. Ni kioo kilichopelekwa kwa jicho, bila ya kioo chenyewe kuondoka mahali pake. Kati ya mwaka 2018 na 2019, katika hospitali ya Kinondo, wanawake 740 waishio na virusi vya UKIMWI walichunguzwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Vioo vyao viliwekwa katika mashine ndogo ya kupigia picha, na picha zikasafiri kwa mtandao wa simu mpaka kwenye kompyuta za mbali. Kompyuta iliyofundishwa kwa mifano mingi iliweka alama penye chembe za kutiliwa shaka, na wataalamu, ambao wengine wao walikuwa Ufini na Uswidi, waliyapima majibu yake.

Mwaka 2020, katika kaunti ile ile, zilikusanywa sampuli za choo 1,335 za wanafunzi wa shule tano za msingi. Hapa yafaa ujue tabia moja ya yai la safura. Choo kikiisha kupakwa juu ya kioo kwa njia itumiwayo sana katika kazi hii, dawa ya kukiangaza huendelea kufanya kazi, na baada ya muda wa saa moja hivi mayai ya safura hayaonekani tena. Mpimaji akichelewa, ushahidi umefutika. Lakini picha haifutiki. Aweza kuitazama leo, na mwingine akaitazama kesho katika mji mwingine, wakasahihishana. Matokeo yalikuwa ya kutafakari: katika vioo 79 ambavyo mpimaji kwa hadubini hakuona yai lolote, kompyuta iliyaona, na binadamu walipozitazama picha zile tena walithibitisha kwamba kweli yamo. Usidhani kwamba mpimaji alikuwa mzembe. Yai moja au mawili katika kioo kizima ni kama shanga iliyopotea ufukweni, na macho ya mtu yaliyotazama vioo 50 tangu asubuhi huchoka. Jicho la mashine halichoki, lakini halina busara. Jicho la mtu lina busara, lakini huchoka. Yakisaidiana, kila moja huziba tundu la mwenzake.

Pengine utauliza, kuna haja gani ya haya yote, iwapo dawa za minyoo hugawiwa shuleni kwa kila mtoto? Ni kweli; tangu mwaka 2012 serikali yetu imekuwa na mpango wa namna hiyo, na wewe mwenyewe huenda umekwisha kuvimeza vidonge vile. Lakini kadiri minyoo inavyopungua, ndivyo inavyokuwa vigumu kujua imebaki wapi. Mkulima aliyeng'oa magugu mengi lazima ainame zaidi ili ayaone machache yaliyosalia. Asipoinama, mvua ya pili itamwumbua. Asiyepima hajui wakati wa kuacha, wala wakati wa kurudi.

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haistiri maungo. Je, jicho la kuazima litatustiri? Nimelifikiri neno hili mara nyingi, na jibu langu ni kwamba mwenye baridi asikatae nguo kwa kuwa si yake, ila asilale nayo akasahau kufuma ya kwake. Kompyuta iliyofundishwa kwa picha za nchi nyingine huweza kukosea ikiletewa vioo vyetu, vilivyopakwa kwa mikono yetu na kuingiwa na vumbi letu. Mtandao wa simu ukikatika, jicho la mbali hufumba. Tena picha ya damu ya mtu ni siri yake. Lazima tujue imekwenda wapi, na nani ameiweka. Zaidi ya yote, jibu lisilofuatwa na dawa ni habari ya huzuni tu. Kumwambia mama kwamba mwanawe ana safura, kisha kumrudisha mikono mitupu, ni kumwongezea mzigo.

Kwa hiyo nafurahi kusikia kwamba kufuma kumekwisha kuanza. Iko hadubini iitwayo OpenFlexure, iliyoanzishwa na Richard Bowman na wenzake Uingereza, ambayo sehemu zake kubwa huchapwa kwa plastiki na mashine, tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi ajengavyo chungu. Ina kamera na kompyuta ndogo, na hujisogeza yenyewe juu ya kioo. Michoro yake imewekwa wazi kwa kila mtu, bila ya malipo. Mafundi wa Dar es Salaam wamekwisha kuiunda kwa mikono yao, na wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wameshiriki kuijaribu katika upimaji wa malaria. Naona katika jambo hilo faida kubwa kuliko bei. Chombo kinachotoka ng'ambo kikivunjika hufunikwa kitambaa kikangojea. Kilichoundwa jirani hutengenezwa jirani.

Sasa nakugeukia wewe, kijana msomaji, kwa sababu sikuandika haya ili ustaajabu tu. Kustaajabu ni rahisi, na kazi hubaki pale pale. Ukipata nafasi ya kutazama kwa hadubini shuleni, usiridhike na kuchungulia mara moja na kumpisha mwenzako. Tazama mpaka ulichokiona uweze kukichora, kisha ukilinganishe na mchoro wa mwenzako, mshindane kwa hoja. Macho mawili yakitofautiana, msitafute mshindi. Rudini kwenye kioo. Ndivyo walivyofanya wa Pemba na wa Kwale, na hapana njia nyingine ya kuujua ukweli wa vitu vidogo.

Ukipenda hesabu, jua kwamba kompyuta haifundishwi kuona ila na mtu ajuaye hesabu. Ukipenda ufundi, zipo lenzi za kuwekwa na plastiki za kuchapwa. Ukipenda udaktari, utahitajika mwenye kusema, "Picha hii si safi, piga nyingine." Na kama hupendi hata moja katika hayo, utakuwa mzazi au jirani wa mtu, na utaweza kuuliza swali dogo ambalo kila mgonjwa ana haki nalo: "Nimepimwa nini, na mlichoona ni nini?"

Vioo vitaendelea kuwa rahisi, na simu zitaendelea kuwa nyepesi. Hayo yatakuja hata tukilala. Lakini jicho linalojua linachokitazama haliji lenyewe. Hufunzwa, tena kwa taratibu, katika vyumba kama hicho ulichoketi. Tukiazima leo, tuazime kwa shukrani, na huku tunajifunza, ili siku moja mwingine aje kuazima kwetu.